KUTU SI AJALI

Upo msemo mmoja ambao katika nchi yetu umegeuka kuwa shuka ya kufunikia uzembe wa kila namna. Msemo huo ni huu: ajali haina kinga. Gari likipinduka kwa breki zilizojulikana kuwa mbovu tangu mwezi uliopita, husemwa ajali haina kinga. Ukuta ukianguka kwa kuwa saruji yake iliibwa, husemwa vivyo hivyo. Na mtoto akianguka kutoka kwenye bembea ya kiwanja cha umma kwa sababu mnyororo wake uliliwa na kutu mbele ya macho ya watu wazima, watu hukusanyika, hutikisa vichwa, hutoa pole, kisha msemo ule ule hutamkwa tena, na shauri huishia hapo.

Leo twapenda kuupinga msemo huo, walau katika jambo moja. Kutu si ajali. Kutu haishuki kutoka mbinguni usiku mmoja. Huingia polepole, huonekana kwa macho, hushikika kwa kidole, na humpa mwenye dhamana miezi mingi ya kutenda jambo. Asipotenda, yanayompata mtoto yana jina lake, na jina hilo ni uzembe.

Huenda wako wasomaji watakaoona kwamba habari za bembea na mitelezo ya kuserereka ni ndogo mno kwa ukurasa huu, ambao umezoea kuzungumzia bei ya pamba, mishahara na uchaguzi. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto wa mtu mwenye mali hucheza nyuma ya nyumba yao, ndani ya ukuta, akitazamwa na mtumishi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Mtoto wa mfanyakazi aishiye chumba kimoja Manzese au Tandika hana nyuma ya nyumba. Akitoka mlangoni yuko barabarani au ukingoni mwa mtaro. Kwake yeye kiwanja cha umma ndiyo bustani pekee aliyo nayo duniani. Kwa hiyo hali ya kiwanja hicho ni kipimo cha kweli cha namna tunavyomthamini mzazi wake. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulikwepa jambo hili kwa kusema ni la watoto.

Tena si la watoto wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Yaani katika miaka 10 tu mkoa huo uliongeza watu zaidi ya milioni moja, na ardhi haikuongezeka hata shibiri moja. Kila kiwanja kilichosalia hukanyagwa na miguu mingi kuliko jana, na kila bembea hubeba watoto wengi kuliko ilivyokusudiwa na fundi aliyeichomelea.

Sheria nayo haikukaa kimya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu chake cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Sheria yetu ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, imeiweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Zanzibar ilitunga Sheria yake ya Mtoto mwaka 2011. Basi hatuombi hisani. Twadai kitu kilichokwisha andikwa. Na haki ya kucheza ambayo humvunja mtoto mkono ni haki ya namna gani?

Twaijua siku ya kufunguliwa kwa kiwanja. Huwepo turubai, viti vya plastiki, ngoma, utepe na mkasi juu ya sinia. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, na rangi ya bembea hung'aa kiasi cha kuumiza macho. Hatulaumu sherehe hiyo, kwani mwenye kujenga astahili kushukuriwa. Swali letu laanza siku ya pili. Nani atakuja asubuhi ile kutazama kama boliti zimekaza? Nani atakuja mwezi wa sita? Nani atakuja mwaka wa tatu, wakati diwani aliyekata utepe amekwisha kumaliza kipindi chake na mfadhili amekwisha kurudi kwao? Mara nyingi jibu ni kwamba hayupo. Kiwanja kilizaliwa bila mlezi.

Wafanyakazi wenzetu waelewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Winchi ya bandarini haiachwi inyanyue makontena mwaka hata mwaka bila kukaguliwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yataka mitambo ya kunyanyulia mizigo ichunguzwe na watu wenye ujuzi, na kumbukumbu za uchunguzi huo zitunzwe. Daladala nalo, pamoja na ubishi wote wa makondakta, hukaguliwa na kubandikwa stika kiooni. Sasa bembea ni nini, ikiwa si mtambo wa kunyanyulia? Hunyanyua mzigo wenye thamani kupita makontena yote ya bandari, humrusha hewani, humrudisha, humrusha tena, mara elfu kwa siku. Lakini haina stika wala daftari, na hakuna mkaguzi ambaye mzazi aweza kumtaja kwa jina.

Yatupasa kueleza hatari zenyewe ziko wapi, maana mtu hawezi kukagua asichokijua.

Ya kwanza ni ardhi. Watu wengi hudhani kwamba kinachomwumiza mtoto ni chombo anachochezea. Ukweli ni kwamba kwa sehemu kubwa huumizwa na mahali anapoangukia. Nchini Marekani, ambako hesabu za mambo haya hutunzwa, watoto zaidi ya 200,000 kwa mwaka wamekuwa wakipelekwa hospitali kwa dharura kwa sababu ya majeraha ya viwanja vya michezo, na sababu inayoongoza ni kuanguka. Kwa hiyo mwongozo wa taifa hilo, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981, unakataza kabisa zege na lami chini ya vyombo vya kuchezea. Hata udongo ulioshindiliwa na majani mafupi hauvihesabu kuwa kinga. Unasema kwamba mchanga wa kina cha inchi 9, yaani kama sentimita 23, waweza kumkinga mtoto aangukaye kutoka futi 4, na kwamba vibanzi vya mbao vya kina hicho hicho vyaweza kumkinga aangukaye kutoka futi 10.

Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tulifundishwa kwamba mpumbavu ndiye ajengaye nyumba yake juu ya mchanga. Fundisho lile ni la kweli kwa nyumba. Kwa bembea ni kinyume chake: mwenye hekima huweka mchanga, na mpumbavu huweka zege ili pawe pasafi siku ya mgeni rasmi. Nchi yenye pwani ndefu na mito mingi kama yetu haiwezi kusema imekosa mchanga, maadamu tunauchota mahali panaporuhusiwa. Lakini mchanga nao una tabia yake. Miguu ya watoto huusukuma kando, hasa chini ya bembea na mwishoni mwa mtelezo, pale pale wanapoangukia. Baada ya majuma machache hubaki shimo lenye udongo mgumu chini yake. Mtu mmoja mwenye reki, dakika chache kila asubuhi, ndiye tofauti kati ya mtoto aliyechubuka goti na mtoto aliyepasuka kichwa.

Hatari ya pili ni kutu yenyewe. Kutu ina ujanja. Haianzii katikati ya bomba ambako rangi huonekana vizuri. Huanzia chini, pale mlingoti unapoingia katika zege, ambapo maji ya mvua hutuama. Na huanzia juu, kwenye kulabu na pete za mnyororo, ambapo chuma husuguana na chuma hadi kikawa chembamba kama msumari. Rangi mpya juu ya kutu ni sawa na kumvika mgonjwa kanzu nyeupe na kumwita daktari. Miji yetu ya pwani, Tanga, Dar es Salaam, Lindi, Mtwara na Unguja, ina adui zaidi, nayo ni chumvi iletwayo na upepo wa bahari. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na watoto wakapewa sehemu yao ya kuchezea. Bahari i hatua chache tu kutoka hapo. Chumvi haijali ufunguzi ulipendeza namna gani. Hula chuma cha Forodhani kama ilavyo chuma cha jahazi. Mwenye jahazi ajua kwamba chombo kisichokwanguliwa na kupakwa rangi kila msimu kitamzamisha. Mwenye bembea ajue vivyo hivyo.

Hatari ya tatu ni nafasi, nayo huwapita hata mafundi hodari. Wachomeleaji wetu wa Gerezani na Keko waweza kutengeneza chombo chochote ukiwapa vipimo. Tatizo ni kwamba mara nyingi hawapewi. Nafasi baina ya nondo na nondo iliyo kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego. Mtoto mdogo hupenyeza miguu, kiwiliwili kikapita, kisha kichwa kikakwama na mwili ukabaki unaning'inia. Nafasi iwe ndogo kuliko hapo asiweze kupita, au iwe kubwa kuliko hapo apite mzima. Kipimo hicho hakigharimu hata senti moja kukijua, na fundi akishaambiwa mara moja hasahau.

Ya nne ni jua letu. Mtelezo wa bati ulioelekezwa magharibi huwa kikaango saa tisa alasiri. Kuugeuza upande mwingine au kuupanda mti karibu yake hakuhitaji mkopo wa benki. Na ya tano ni matairi ya zamani yanayofukiwa nusu na kupakwa rangi ili watoto wayarukie. Wazo hilo ni zuri, kwa kuwa linaokoa fedha na tairi ni laini. Ila tairi lisilotobolewa hushika maji ya mvua, na maji hayo huzaa mbu wa dengue. Jiji la Dar es Salaam lilipata mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Matundu machache yaliyotobolewa upande wa chini yatamfanya mtoto acheze bila kumfugia ugonjwa.

Tumezitaja hatari tano, na msomaji ataona kwamba hakuna hata moja inayohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Zahitaji mtu mwenye macho, mwenye jina, na mwenye daftari. Kiwango cha nchi za Ulaya juu ya vyombo vya kuchezea, kilichotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa baadaye, kimegawa kazi hiyo mara tatu. Kuna kutazama kwa kawaida, kunakofanywa mara kwa mara, na mahali penye watoto wengi kila siku: chupa zilizovunjika, shimo katika mchanga, kamba iliyofungwa mahali pasipofaa. Kuna ukaguzi wa utendaji, kila mwezi mmoja hadi mitatu, ambapo boliti hukazwa na mnyororo hupimwa. Kisha kuna ukaguzi mkuu wa kila mwaka, ambapo mtu mwenye ujuzi huchimbua hata miguu ya milingoti kutazama kutu iliyojificha. Sisi hatuna haja ya kuiga kila nukta ya Wazungu. Lakini mpango huo ni wa akili ya kawaida, na mwenye duka yeyote Kariakoo huufuata: hutazama droo kila jioni, hufunga hesabu kila mwezi, huhesabu mali yote kila mwaka.

Sasa tuje kwenye vibao. Penye bustani au kiwanja mara nyingi pana kibao cha masharti. Kwa kawaida kibao hicho humwambia mtoto asipige mpira, asipande miti, asikanyage majani, asiingie na baiskeli, asije baada ya saa kumi na mbili jioni. Kisha mwishoni, kwa herufi kubwa, huandikwa kwamba wenye mahali hapo hawatahusika na ajali yoyote itakayotokea. Tazameni, ndugu wasomaji, jinsi kibao hicho kilivyo. Masharti yote yamemwelemea yule mwenye miaka saba. Aliye na ofisi, bajeti na muhuri amejiandikia sharti moja tu, nalo ni la kumtoa katika lawama.

Hatupingi masharti. Kiwanja bila utaratibu hutekwa na wenye nguvu: vijana wakubwa huwafukuza wadogo, wauza pombe huweka meza, pikipiki huegeshwa kivulini. Ni halali kabisa kuweka umri wa kila sehemu, saa za kufungua na kufunga, na marufuku ya chupa, moto na mbwa. Mamlaka za miji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Tunachosema ni kwamba sheria ndogo iliyo ya haki huanza na wajibu wa mwenye kiwanja. Kibao kiseme kwanza: kiwanja hiki kilikaguliwa tarehe fulani na afisa wa cheo fulani, kitakaguliwa tena tarehe fulani, ukiona chombo kibovu mwambie mtu fulani, ofisi fulani, naye atakifunga siku hiyo hiyo. Baada ya maneno hayo, halmashauri itakuwa na uso wa kumwambia mtoto asikanyage majani.

Na sheria ya bustani haina budi kumfunga mkubwa kabla ya kumfunga mdogo. Twakumbuka yaliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya mwaka 1989, wakati ulipotolewa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park mjini Nairobi. Jumba hilo lilikusudiwa kuwa makao ya chama tawala na ya gazeti la chama hicho. Mama Wangari Maathai alipinga, akatukanwa hadharani na wakubwa, lakini mpango ukaachwa na bustani ikabaki ya watu. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Nishani ya Nobel ya Amani. Sisi tunaoandika katika gazeti la chama hatuoni haya kukumbusha habari hiyo. Twaikumbusha kwa sababu majaribu ya namna ile hayakuwa ya Kenya peke yake. Kila mji una uwanja wa wazi ambao mtu mwenye cheo ameutazama na kuona kituo cha mafuta.

Wana Dar es Salaam wana sababu ya pekee ya kulithamini jambo hili. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi na wakoloni ili kutenga mitaa ya Waafrika ya Kariakoo na mji wa wengine. Uliwekwa uwe mpaka wa ubaguzi. Lakini katika miaka ya 1950 watu walijaa pale pale kusikiliza wasemaji wa TANU, na mpaka ukageuka kuwa uwanja wa mkutano. Hivyo ardhi ya wazi kwetu ina historia. Yule anayeiacha iwe jaa la takataka na vyuma vyenye makali anasahau kile kilichozaliwa juu yake.

Tumewahi kusikia hoja tatu dhidi ya haya tusemayo, na ni haki kuzijibu.

Hoja ya kwanza yasema hakuna fedha. Twajibu kwamba fedha za kujengea zilipatikana, na reki, grisi, burashi ya waya na kopo la rangi ya kuzuia kutu ni sehemu ndogo sana ya bei ya bembea mpya. Tena matibabu ya mtoto aliyevunjika hulipwa na mtu fulani. Akiwa hana bima, hulipwa na mama yake auzaye mandazi. Kusema kwamba halmashauri imeokoa fedha kwa kutokagua ni kusema kwamba imeuhamisha mzigo kutoka mfuko wa wote na kuutupa juu ya kichwa cha mama mmoja.

Hoja ya pili ni ya wazee wenzetu: "Sisi tulicheza juu ya miembe, tukaanguka, tukainuka, na leo tu wazima." Hoja hii twaiheshimu, na ina kweli ndani yake. Mtoto asiyethubutu hakui. Mwaka 1943 huko Emdrup, karibu na Copenhagen nchini Denmark, watu walifungua kiwanja ambacho watoto waliachiwa mbao na takataka za ujenzi wajijengee wenyewe, chini ya macho ya mlezi, na mfano huo ukaenea nchi nyingi. Lakini mwembe una uaminifu wake. Mtoto huuona urefu wa tawi, hulitikisa kwanza, akapima nguvu zake. Pini iliyooza ndani ya bomba lililopakwa rangi mpya haimwonyeshi kitu. Mwembe humjaribu mtoto, bali pini ile humdanganya. Kazi ya ukaguzi ni kuuondoa uongo huo, ili mtoto abaki na ujasiri wake.

Hoja ya tatu ni ya watu wa ofisini, ambao husema kwamba njia rahisi ni kung'oa vyombo vyote ili asiwepo wa kudai. Njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Mjini Chicago mwaka 1978 mtoto mdogo alianguka kutoka kwenye mtelezo mrefu wa bustani ya umma, akagonga kichwa kwenye lami na kupata ulemavu wa maisha. Shauri lilimalizika mwaka 1985 kwa malipo ya mamilioni ya dola, na baada yake miji mingi ya Marekani iling'oa mitelezo mirefu kwa kuogopa mahakama. Watoto wakabakiwa na viwanja visivyo na mvuto, wakavihama. Na mtoto akihama kiwanja huko kwetu, aenda wapi? Aenda barabarani, kwenye mtaro wa maji ya mvua, kwenye machimbo ya mchanga. Mwenye kung'oa bembea ameiondoa ajali katika daftari lake. Ajali yenyewe ameipeleka mtaa wa pili.

Kwa hiyo, kwa heshima lakini bila kutafuna maneno, twapendekeza mambo haya. Kila halmashauri iandike orodha ya viwanja vyote vya michezo ya watoto katika eneo lake, vya bustani na vya shule, na kuibandika mahali watu wanapoweza kuisoma. Kila kiwanja kiwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa mwangalizi wake, kwani lililo la wote bila msimamizi huwa la kila mtu kulikimbia. Pawe na daftari la ukaguzi, na diwani aweze kudai kuliona katika kikao kama adaivyo hesabu za soko. Kiwanja kipya kisipokewe na halmashauri kabla fundi hajathibitisha vipimo vya nafasi, kina cha mchanga na uimara wa milingoti. Chombo kilichoonekana kibovu kifungwe siku ile ile, kwa mnyororo na kufuli, wala kisiachiwe kitambaa chekundu kupeperuka hadi mwaka wa fedha ujao.

Chama nacho kianze nyumbani kwake. Sisi ni wenye viwanja. CCM Kirumba cha Mwanza, Sokoine cha Mbeya, Sheikh Amri Abeid cha Arusha na vingine vingi ni mali ya Chama. Hivyo ni vya mpira wa wakubwa, lakini kanuni ni ile ile: jukwaa lina chuma, chuma kina kutu, na chini ya jukwaa hukaa watoto wa watu. Hatuwezi kuihimiza halmashauri ikague bembea ikiwa sisi wenyewe hatujui ngazi ya jukwaa letu ilikaguliwa lini. Jumuiya ya Wazazi, ambayo jina lake peke yake ni wajibu, ingefaa ilichukue jambo hili kuwa kazi yake ya mwaka mzima. Umoja wa Vijana una mafundi wachomeleaji, maseremala na wapaka rangi miongoni mwa wanachama wake. Wapewe vipimo sahihi nao watatimiza. Vyama vya wafanyakazi vina watu waliofunzwa usalama viwandani. Juma moja la ujuzi wao kwa mwaka lingetosha kwa viwanja vya kata nzima.

Na wewe, mjumbe wa shina usomaye maneno haya baada ya kazi, usingoje waraka. Jumamosi hii nenda katika kiwanja kilicho karibu nawe ukiwa na daftari na kijiti. Choma mchanga uone una kina gani. Shika mnyororo wa bembea, uvute kwa uzito wako wote, utazame kulabu yake ya juu. Kwangua rangi pale mlingoti unapoingia ardhini. Pima nafasi za nondo kwa rula ya mwanao wa shule. Andika ulichokiona, tia tarehe na saini, kipeleke kwa Mtendaji wa Kata, na mwombe akupe nakala yenye muhuri wa kupokea. Kisha rudi mwezi ujao na daftari lile lile.

Siku hiyo, jambo likitokea, hakuna mtu katika kata yako atakayeweza kusimama mbele ya mzazi na kumwambia kwamba ajali haina kinga. Tarehe itakuwa imeandikwa.